Kitu Kisicho na Reli

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano mwaka huu tulimzika baba yetu, Mzee Yakobo, nyuma ya nyumba yake Butiama. Alipigana vita vya Kagera, akafanya kazi reli mpaka akastaafu, na baada ya hapo alilima mihogo na kubishana na mama. Nilichopoteza mimi ni mtu aliyenifundisha kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya.

Ninyi wenzangu wa kivuko mlikuja msibani, mkafunga maturubai, mkachota maji, na kabla ya kuondoka mkaniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi ili vijana wapya wasome. Nilisema nitajaribu. Elimu yangu ni darasa la saba, na mkono wangu umezoea kamba kuliko kalamu. Nimekaa hapa Buhare, barazani kwangu, wiki kadhaa sasa, na kila ninapoanza kuandika juu ya kivuko anayekuja ni baba. Mwisho nimeacha kumzuia. Mkiona nimemzungumzia yeye kuliko injini na minyororo, mjue ndivyo kazi yangu ilivyokuwa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale Mwigobero, gati la Musoma, nilitaka jambo moja, na halikuwa cheo. Nilitaka baba anione kazini. Yeye hakutaka kupanda kivuko, hakutaka hata kukanyaga gati. Hilo ndilo nitakaloeleza, na mengine yatafuata nyuma yake.

Mkoa mzima wa Mara hakuna reli. Mtoto wa kwetu akitaka kuona treni inabidi asafiri mpaka Mwanza. Baba alikwenda huko akiwa kijana, kutafuta kazi, akaandikwa kwenye genge la kutengeneza njia, wale wanaoshindilia kokoto chini ya mataruma na kukaza misumari. Baadaye alihamishiwa stesheni ndogo katikati ya Mwanza na Tabora, kazi ya kugeuza njia na kusaidia kupokea simu za treni. Mimi na dada yangu Rebeka tulikulia huko, kwenye kota za reli, mpaka nilipomaliza shule.

Kwa ambao hawajui reli, njia ilikuwa moja na treni zilikuja kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo treni haikuondoka stesheni mpaka stesheni ya mbele iulizwe kwa simu kama njia iko wazi. Stesheni ya mbele ilirudia swali neno kwa neno, ndipo ikajibu. Wenyewe waliita laini klia. Kama jibu halikurudi, treni ililala pale pale, hata kama ndani yumo waziri.

Baba aliihamishia laini klia nyumbani. Mama akimwambia, "Baba Rebeka, kalete chumvi na kiberiti," yeye alisimama mlangoni akasema, "Chumvi na kiberiti, nimepokea." Kama hakurudisha, mama alijua hajasikia, au amesikia na hataki kwenda. Siku wakigombana mama alimfokea kwa maneno mengi halafu akamalizia, "Haya, rudisha niliyosema." Na baba alirudisha yote, taratibu, bila kuruka tusi hata moja. Ugomvi wa namna hiyo haufiki mbali. Mama alikuwa akianza kucheka katikati ya matusi yake mwenyewe.

Sisi alitufundisha hivyo hivyo. "Ukiambiwa kitu kazini," aliniambia, "kirudishe kwa aliyekuambia kabla mkono wako haujagusa. Ukiwa umekosea, atakusikia. Mkono ukishagusa, nani atakusikia?"

Vita vilipokuja alikwenda akiwa mgambo, akarudi mzima, akavaa tena koti la reli kama mtu aliyetoka likizo. Alikuwa na hadithi mbili tu za vita. Ya kwanza ni ya buti alizopewa, zote mbili za mguu wa kushoto, mpaka alipokutana na mtu wa kombania nyingine mwenye buti zote za kulia, wakakumbatiana kama ndugu. Ya pili ni ya mbuzi aliyejiunga nao njiani, ambaye kwenye "nyuma geuka" alikuwa bora kuliko baadhi ya wenzake. Tulizisikia mara nyingi na tulicheka kila mara. Tukidai ya tatu alisema zimeisha.

Mimi niliingia kivukoni kama kibarua. Nilikuwa nimerudi Mara kutafuta maisha, nikasikia Mwigobero wanataka watu wa kamba. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Masatu, mwenyeji wa Suguti, kiongozi wa mabaharia. Mtu mfupi, mikono kama magome ya mti, hana maneno mengi. Alinionyesha kamba, akanionyesha kabari za kuzuia magurudumu ya magari, akanionyesha mahali pa kutosimama. Hapo pa kutosimama alikaa muda mrefu kuliko kwingine. Alisema mambo mengine yote nitajifunza nikiwa hai.

Kisha nahodha akapaza sauti kutoka juu, "Legeza ya kulia." Na mimi, bila kufikiri, nikajibu kwa sauti ya stesheni, "Nalegeza ya kulia."

Kivuko kizima kilicheka. Nahodha akasema tena, "Fungua mlango." Nikajibu, "Nafungua mlango." Wakaanguka. Kufika Kinesi, ng'ambo ya pili ya ghuba, mimi Elias nilikuwa nimeshapewa jina la Kasuku, na kabla ya jioni wachuuzi wa dagaa wa pande zote mbili walikuwa wanalijua. Nilijaribu kukaa kimya siku zilizofuata, ikanishinda. Mdomo ulikuwa unatangulia mkono, kama alivyoufundisha baba.

Nilipokwenda Butiama kumwambia nimepata kazi, baba alikuwa ameshastaafu na kurudi nyumbani. Alifurahi mpaka aliposikia ni kazi gani. Sisi nyumbani tunamwita Tata, kama watu wengi wa kwetu wanavyomwita baba.

"Kivuko," alisema. "Kitu kisicho na reli kinajuaje kinakokwenda?"

"Kina usukani, Tata."

"Hata mlevi ana macho."

Nikamwambia aje siku moja aone mwenyewe. Akasema ataona Mungu akipenda. Tangu siku hiyo kila nilipomkaribisha jibu lilikuwa lile la reli, na kila mara watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Nililipeleka mpaka kivukoni. Nahodha wa wakati ule akikosa kulenga gati vizuri, Mzee Masatu alikuwa anasema chini chini, "Si alisema yule mzee wa Butiama."

Niwaeleze juu ya upepo, kwa sababu vijana mnapenda kuuliza. Alasiri moja tulikuwa tunaingia Mwigobero na mawimbi yanatupiga ubavuni. Mbele kulikuwa na lori la pamba na watu wamesimama karibu nalo kuliko walivyotakiwa. Nahodha akatoa amri, upepo ukaikata nusu. Mimi nikasikia kulia, nikajibu kama kawaida yangu, "Nalegeza ya kulia." Sauti ya juu ikarudi kali, "Hapana, kushoto, kushoto." Mkono wangu ulikuwa bado haujagusa. Nikalegeza ya kushoto, kivuko kikakaa sawa, watu wakashuka wakilaumu tu kwamba wamelowa.

Mzee Masatu alingoja mpaka tumemaliza. Kisha akatuita wote akasema kuanzia kesho kila mtu ni kasuku. Ndiyo maana mpaka leo mtu mpya akifika anaulizwa kama amefundishwa ukasuku. Nimewahi kumsikia mmoja wenu akimweleza mgeni kwamba ni neno la ubaharia la zamani, la Kireno. Nilimwacha. Ni jina langu la utani, na chimbuko lake ni stesheni moja kwenye vumbi la Usukuma.

Nilimpelekea baba habari hiyo nikidhani atajivuna. Alisikiliza yote, akaniuliza, "Na stesheni ya mbele mnaiuliza?"

Nikamwambia hakuna haja, Kinesi tunaiona kwa macho.

"Mnaiona," akasema. "Hamjaiuliza." Kisha akabadilisha mazungumzo, akaanza habari za mihogo yake. Nilidhani ni ubishi wake tu.

Kinesi ndiko nilikooa. Nyanjura alikuwa anavuka karibu kila siku na beseni la samaki, sato na ningu, akienda kuuza soko la Musoma. Yeye alikuwa wa kwanza kunitania hadharani. Nikimwambia, "Dada, sogea nyuma ya mstari," anajibu, "Nasogea nyuma ya mstari," kwa sauti yangu ile ile, wenzake wanaumwa mbavu. Siku nilipomwambia nataka kuja kwao kujitambulisha, alisimama, akaweka beseni chini, akasema, "Unataka kuja kwetu kujitambulisha, nimepokea." Halafu akaondoka na beseni lake bila kujibu swali. Jibu lilikuja baada ya wiki.

Basi ikabidi baba aende Kinesi kwa mazungumzo ya mahari. Nilidhani hapo amekwisha, hana pa kukimbilia. Alikodi gari, akazunguka barabarani na wazee wenzake, Makutano, daraja la Kirumi, mpaka Utegi, halafu akashuka tena kuelekea ziwani. Wakwe zangu waliamka asubuhi wakapika. Kutoka uani kwao walikiona kivuko kikija na kurudi, kikija na kurudi, na wageni hawamo. Jua linapoelekea kuzama baba akaingia, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu.

Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alimpokea fimbo akamuuliza, "Mkwe, umetoka Butiama au Dar es Salaam?"

"Nimekuja kwa njia inayoonekana," baba akajibu.

Walipendana tangu hapo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na nilijua kwamba siku ile nilikuwa na zamu ya asubuhi. Kama angevuka angeniona.

Ng'ombe wa mahari ndio waliovuka na mimi. Hapa kuna jambo ambalo wenye umri wangu wanalikumbuka. Dume moja jekundu, lililotoka zizi la baba, lilisafiri kwa adabu mpaka katikati ya ghuba, likaangalia mbele, likaangalia nyuma, likaruka. Tuliliona likiogelea pua juu, limeelekea Musoma kama limekumbuka kitu jikoni. Lilitoka majini likasimama pale wanapooshea nguo, likajikung'uta. Upande wa wakwe wakasema dume hilo limekataa ndoa. Upande wetu wakasema limekwisha kabidhiwa kwa kuwa lilikuwa limepita katikati. Shangazi yake Nyanjura akamaliza ubishi kwa kuuliza, "Ng'ombe karudi kwao kwa miguu yake. Na msichana akirudi kwao mtasema nini?" Tulilivusha tena siku iliyofuata, limefungwa miguu yote na pembe. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa, akasema yule ni ng'ombe wa reli.

Miaka ikaenda namna hiyo. Nilipandishwa cheo, nikawa nafundisha watu wapya kama nilivyofundishwa na Mzee Masatu, ambaye alistaafu akarudi Suguti kwenye mashamba yake. Kwa wanaoanza nitasema mawili tu aliyonisisitizia. Kamba iliyolowa usiiamini kwa macho, ipitishe mkononi yote. Na mtu anayevuka kwa mara ya kwanza mpe mahali pa kushika kabla hujamdai tiketi, maana akiwa na hofu hata tiketi yake haioni. Hili la pili nilikuwa nalifanya kila siku kwa wageni, na sikuwahi kufikiri kwamba nyumbani kwetu kuna mmoja wa aina hiyo.

Baba alikuwa akija Musoma mara kwa mara, benki au hospitali. Siku moja nilimshawishi aje aone. Aliteremka na mimi mpaka kwenye duka moja la soda juu ya gati, akakaa hapo, akanunua soda, akaangalia maji. Mimi nikateremka kazini nikijua yuko juu anaangalia. Nilipogeuka kumpungia mkono benchi lilikuwa tupu, chupa imebaki nusu. Mwenye duka alisema mzee amekumbuka kwamba gari linamwacha. Ilitokea hivyo zaidi ya mara moja. Nitasema ukweli, iliniuma. Nilidhani anaidharau kazi yangu. Mtu wa reli, nilisema moyoni, anaona sisi ni watu wa kuelea tu.

Krismasi iliyopita tulikusanyika Bunda, kwa Rebeka. Ana duka la nafaka Kabasa, na nyumba yenye sebule ya kutosha ukoo mzima. Tulikula mchele na kuku, watoto wakatoka nje, tukabaki watu wazima: baba, mama, Rebeka, mke wangu na mimi. Rebeka hajawahi kujua kuzunguka. Alikuwa anakusanya sahani.

"Tata," akasema, "Elias anastaafu mwezi ujao. Miaka yote hii hujamwona kazini hata siku moja. Unangoja waweke reli ziwani?"

Tukacheka, tukamngojea baba aseme neno lake. Alinyoosha mikono kwenye beseni akanawa, na alikuwa ameshanawa.

Ndipo akatoa hadithi ya tatu. Aliisema kwa ufupi, na mimi nitaiandika kwa ufupi. Walifika kwenye mto na daraja lilikuwa limevunjwa. Kikundi chao kilivuka gizani kwa mtumbwi. Aliyekaa mbele yake alikuwa Simoni, fundi cherehani, mtu wa Suguti, ambaye njia nzima ndiye aliyekuwa akiwashonea vifungo. Mtumbwi uliinama upande mmoja. Baba alishika ubao. Akafika.

"Kwenye reli hata kiberenge hakiondoki stesheni bila ya mbele kujibu," alisema. "Pale nilitia mguu majini, na ng'ambo hakuna aliyeulizwa. Tuliingia wengi. Simoni hakutoka."

Hakumlaumu mtu. Alisema mwenyewe kwamba vita havina stesheni ya mbele, utampigia nani simu, adui? Akacheka kidogo kwa hilo, na kicheko chake kikatufungulia sisi kupumua. Mama alisema jina la Simoni alikuwa analijua siku zote, ila habari ya mto hakuijua. Kisha baba akaniangalia mimi.

"Si kazi yako, Elias. Kazi yako huwaga naisikia, na watu wa Musoma wananiambia. Miguu ndiyo inakataa kutoka nchi kavu kama mbele hapajajibu. Niliona aibu kusema. Mzee mzima."

Miaka yote nilikuwa nimebeba jiwe ambalo halikuwa langu. Na kilichonijia kichwani baada ya hapo ni kitu kidogo sana, karibu nione aibu kukitamka.

"Tata, mimi ng'ambo nina mtu. Anaitwa Mafuru, ndiye anayepokea kamba Kinesi. Nikimpigia simu anapokea."

Akafikiri. "Anarudisha?"

"Nitamfundisha."

"Basi mfundishe."

Nilimpigia Mafuru jioni ile ile, akadhani ni sikukuu imenizidi. "Kaka Elias," akasema, "nikwambie njia iko wazi? Ziwa lote hili limezibwa na nini?" Nikamweleza sababu. Kisha akaomba nimtajie tena maneno yote ya kurudisha, polepole.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa mwezi wa kwanza, ile mliyoninunulia koti la mvua. Baba alitoka Butiama asubuhi na mama. Alivaa koti lake la reli, vifungo vimesuguliwa kwa majivu, na viatu ambavyo mama alinihakikishia ni cha kulia na cha kushoto. Alipita duka la soda bila kusimama. Akateremka mpaka mwisho wa gati, pale saruji inapoishia na mlango wa kivuko unapoanzia, akasimama hapo. Magari yalikuwa yameshaingia. Abiria walikuwa ndani. Nahodha alikuwa amekubali mpango wangu kwa sharti kwamba tusichelewe.

Nikatoa simu, nikaweka sauti ya juu ili asikie.

"Kinesi, hapa Musoma. Kivuko na abiria, magari mawili, na mzee mmoja. Njia iko wazi?"

Sauti ya Mafuru ikaja na upepo wake. "Musoma, hapa Kinesi. Kivuko na abiria, magari mawili. Nimepokea. Njia iko wazi, njooni."

Nikamtazama baba. Hakusogea.

"Hajarudisha mzee mmoja," akasema.

Ndani watu walianza kunung'unika. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi akaita kutoka kwenye kivuli, "Basi panda, babu, jua linatumaliza."

Baba akageuka akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Nimengoja zaidi ya miaka arobaini, mama. Wewe nivumilie kidogo."

Nikarudia kila kitu mwanzo. Upande wa pili nilimsikia Mafuru akivuta pumzi. Safari hii alisema taratibu kama anasoma somo kanisani. "Musoma, hapa Kinesi. Kivuko na abiria, magari mawili, na mzee mmoja. Nimepokea. Nimesimama hapa kwenye gati namngoja. Njia iko wazi."

Baba akavua kofia, akaivaa tena. Mama yangu alikuwa ameshapanda zamani, amekaa, anakula karanga. Nikamwonyesha baba mahali pa kushika, kama ninavyomwonyesha kila mtu, na akashika hapo, akaingia.

Hakwenda kukaa na wazee. Alisimama karibu na mlango, nyuma ya mstari, akiangalia mikono yangu. Nahodha akasema legeza ya kulia. Nikasema nalegeza ya kulia. Nilimsikia baba akivuta pua. Sikumtazama, kwa sababu nilikuwa na kamba mkononi. Njiani aliniuliza kabari ni za mti gani, na kwa nini minyororo imepakwa grisi nyingi upande mmoja, na nani anayekagua matairi ya ubavuni. Nilimjibu moja moja. Katikati ya ghuba aliangalia maji mara moja, muda mrefu, midomo yake ikasema kitu ambacho sikukisikia wala sikuuliza. Kisha akaniuliza dume letu jekundu liliruka kutokea upande gani. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema lilikuwa na akili lakini halikuwa na subira.

Tukafika. Mafuru alikuwa kweli amesimama mwisho wa gati, amechomekea shati. Magari yakatoka, abiria wakatoka, mama yangu akatoka na Nyanjura aliyekuja kumpokea. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kamba ya mwisho. Yule mama wa ndizi alipita karibu na baba, akamkuta bado amesimama pale pale, ameshika.

"Babu, tumefika. Hushuki?"

"Namngoja kijana wangu," baba akasema. "Yuko kazini."

Mama yule akageuka akaniangalia, mimi na mvi zangu, akacheka, akaenda zake. Nikafunga kamba, nikaivuta kuona kama imekaza. Halafu tukashuka.